Vyumba Arobaini na Kimoja

Garissa,
9 Machi 1999

Mpendwa Mwalimu Kagendo,

Assalamu alaykum, nawe itikia hata kama ni Mmeru wa kanisani, maana ulinifundisha kupiga chapa nami nikakufundisha kuitikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, na kwamba koo halikusumbui tena baada ya kuliacha vumbi letu. Mimi sijambo. Abti Yahye, mjomba wangu, hajambo, na kompyuta uliyotuachia dukani kwake bado inapumua. Joto ni lilelile. Saa nane mchana hata mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta wa posta.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Nilifurahi kusikia umepata kazi ya kutengenezea makampuni kurasa za intaneti, na kwamba wamekupa miezi mitatu ya kukujaribu. Nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani, na utajua kwa nini.

Uliuliza habari za ukurasa wetu. Wajua hooyo, mama yangu, na wenzake kule Elwak wanavyookota malmal, manemane ya porini, na kwamba miaka yote mnunuzi wao ni mmoja tu, Guleid dalali. Ndiyo maana ulikaa Krismasi nzima ukitutengenezea ukurasa, ili wanunuzi wa nje watuone wenyewe. Basi hooyo amewazuia wenzake wasimpe Guleid mzigo wa msimu huu mpaka mvua ya masika. Guleid naye ameapa kwamba safari hii atanunua kwa mwanamke aliyetia kidole gumba kwenye mkataba wa miaka mitano, hamtaki mwingine. Wakitia kidole, kikundi kimekufa, na miaka mitano watachukua chochote atakachosema yeye.

Ulipoondoka nililiandika neno manemane kwa Kiingereza kwenye ile mashine ya kutafuta. Nikafungua kurasa kumi na moja za majibu. Nikakuta makanisa, nyimbo za Krismasi, na mwanamke mmoja wa Kanada aliyempa paka wake jina hilo. Paka yumo, sisi hatumo. Nilikasirika mpaka abti akaniondoa kwenye kiti.

Hapo nikakumbuka maneno yako, kwamba ukurasa usiotajwa na mwingine, mashine haiujui, kama mgeni asiye na wa kumdhamini. Ulinionyesha ile orodha kubwa ambayo binadamu hukaa wakasoma kila ukurasa kabla ya kuupokea, kisha wakaupanga kwenye chumba chake: biashara, afya, dini, wanyama. Ukiingia humo, ulisema, mashine nazo huanza kukuamini na kukupandisha juu. Hukusema niingie vyumba vingapi, na hapo ndipo nilipoharibu.

Harusi zetu unazijua. Ukialika mtaa mzima ukaruka nyumba moja, nyumba hiyo itakununia mpaka wajukuu wako waoe. Nami nilipoona kila chumba kina msimamizi wake, nikajiuliza mimi ni nani hata nimruke mtu. Nikaupeleka ukurasa kwenye biashara, nikaupeleka kwenye manukato, dawa, dini, safari, hata kwa wafugaji wa nyuki na kwenye michezo ya watoto. Vyumba arobaini na kimoja kwa siku nne, simu ya Nairobi inayotuletea intaneti ikikatika kila saa na abti akinikodolea macho. Fomu inataka maelezo ya maneno ishirini na tano tu. Yangu yalianza kwa amani iwe juu yenu, hamjambo, jamaa na mifugo hawajambo. Kufika kwenye malmal, nafasi imekwisha. Cheka tu, mimi nimeshalia.

Siku ya kumi likaja jibu la mistari mitatu. Lilisema huo ni usumbufu, fomu zote arobaini na moja zimefutwa, na jina la aliyezileta limetiwa kwenye orodha ya wasiopokelewa, pamoja na ukurasa wowote atakaouleta tena.

Unanijua. Nikifungiwa mlango siendi nyumbani. Niliwaandikia mara sita, nikaeleza habari ya harusi na nyumba iliyorukwa. Mara ya sita msimamizi mmoja akajibu kwamba amecheka, kwamba ameusoma ukurasa na ni mzuri. Mtu mwingine wa kikundi aulete upya, chumba kimoja tu, naye ataupokea wiki hiyohiyo. Aliyeuleta mwanzo, akasema, ataendelea kufungiwa. Mvua ilikuwa bado mwezi mzima. Nilicheza peke yangu dukani.

Sasa sikia jambo nililokuwa nalizungukia. Jina lililofungiwa lilikuwa lako, Kagendo. Fomu zote nilizijaza kwa ile imeli uliyonifungulia kwa jina lako, na penye jina la mletaji nikakuandika wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeujenga ukurasa, na kwetu heshima hupewa aliyejenga. Hiyo ni kweli. Ni kweli pia kwamba niliona jina la Saynab wa Garissa halitamshtua mtu.

Siku mbili baada ya jibu la msimamizi, barua yako ikafika. Ukasema kazi unayojaribiwa nayo ni kuyaingiza makampuni kwenye orodha hiyohiyo. Nilikaa siku tatu bila kumwambia mtu. Ningetuma fomu moja tu kwa jina langu, hooyo angeokoka, nawe usingejua kwa nini kila unachopeleka kinarudi. Sikufichi, fomu niliijaza. Nilibakisha kubonyeza.

Niliifuta. Nikamwandikia msimamizi kwamba aliyefanya yote yale ni mimi, na Kagendo hakugusa hata herufi moja. Usiniite mwema; niliona aibu, bas. Amelifungua jina lako, na jibu lake nimelichapisha nikalitia humu bahashani uliweke. Lililofungiwa sasa ni langu, na ukurasa, amesema, utangoja miezi sita hata ukiletwa na mwingine, kwa kuwa sasa aliyekosa ni wa kikundi chenyewe.

Jumamosi nikaenda kwenye taar, ile redio ya kuongea na Elwak ambayo Mandera nzima huisikiliza, nikamwambia hooyo yote. Tulimsikia Guleid akicheka hewani. Hooyo akauliza kama rafiki yangu amesalimika. Nikasema amesalimika. Akauliza tangu lini malmal ikaoza. Nikasema haiozi. Akasema basi magunia yatakaa ndani kwake, ayalalie yeye mwenyewe ikibidi, na Guleid akaoshe kile kidau cha wino. Wanawake saba wamekubali kungoja naye. Watano wametia kidole, na siwalaumu.

Ombi langu ni moja. Nakujua, ukimaliza kusoma hapa utataka kuupeleka ukurasa wetu kwa jina lako lililosafishwa. Usiupeleke, wasije wakakufungia tena. Usiuguse kabisa. Mwezi wa tisa nitaupeleka mwenyewe, kwa jina langu, chumba kimoja, maneno ishirini na tano, la kwanza likiwa malmal.

Abti Yahye anakusalimu, na hooyo anakusalimu kutoka Elwak. Nisalimie wazazi wako huko Meru, na ng'ombe wao, na jirani yako wa Nairobi anayekupigia redio usiku, na mabosi wako wapya. Zile salamu zote zilizokataliwa kule zipokee wewe, usiruke hata nyumba moja.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Saynab Gelle