Dakika Kumi na Moja za Fundi Sabiti

Dar es Salaam, 2 Julai 1997

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ni joto la huku tu. Mama hajambo? Goti lake je?

Utafiti wangu umepita! Ile kazi ya msimu uliopita, nilipokaa kiwandani siku nane na saa mkononi, walimu wameisifu. Nakala hii ya Kiingereza ni ya tajiri wako, Mzee Ishwarlal. Umkabidhi mwenyewe kama ulivyotaka. Nimegundua kwamba mtambo wa kuchambua pamba husimama mara sita kila zamu, dakika kumi na moja kila mara. Ukiacha kusimama, kiwanda kitaongeza marobota tisa kwa siku. Najua anayeusimamisha ni wewe, Baba. Usinune, ni mazoea ya zamani tu.

Mwanao,
Swaumu

Kagongwa, 19 Julai 1997

Mwanangu Swaumu,

Marahaba. Sisi wazima, goti la mama yako linafuata mawingu tu.

Nilivaa kanzu ya Idi kupeleka bahasha yako, wenzangu kiwandani wakanicheka mpaka basi. Mzee Ishwarlal aliisoma amesimama, kisha akaniuliza mbele ya watu wote, "Fundi, wewe unasemaje?" Nikamjibu, "Mwanangu amesoma, anajua." Wakapiga makofi! Jumatatu iliyofuata mtambo ukaacha kusimama, na marobota tisa yametoka kweli. Mama yako ametangaza sokoni kote, hata wasiouliza wameambiwa.

Maige, msaidizi wangu, ametorokea Segese kuchimba dhahabu, kwa hiyo niko peke yangu. Ile beringi ya upande wa ukutani inachemka kidogo. Nitaiangalia. Wewe soma.

Baba yako,
Fundi Sabiti

Dar es Salaam, 1 Agosti 1997

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine zisubiri.

Beringi inachemka kiasi gani? Tangu nisome barua yako sijalala vizuri. Nilikuona siku zote nane ukizima mtambo, ukiweka kiganja pale, ukitia grisi, ukikaa kwenye gunia. Nikaandika "muda uliopotea". Nilidhani unapumzika! Ulikuwa unangoja ipoe, sivyo? Na mimi nimekaa pale siku nane bila kukuuliza hata mara moja. Masikini mimi.

Mwambie Mzee Ishwarlal nimekosea. Akikataa, mwonyeshe barua hii. Na Baba, nakuomba kwa jina la Mungu, usiguse kitu mtambo ukiwa unazunguka.

Mwanao,
Swaumu

Dar es Salaam, 26 Agosti 1997

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Kila siku naenda posta, mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kama umekasirika, nitukane, lakini andika. Hata mstari mmoja.

Swaumu wako

Kagongwa, 8 Septemba 1997

Mwanangu,

Mwandiko usikushtue, ni mkono wa kushoto unajifunza. Marahaba zote mbili nakupa kwa pamoja. Mama yako mzima, ananilisha kama kifaranga.

Barua yako ya tarehe mosi mama yako aliniletea hospitali pamoja na uji. Ilichelewa siku mbili. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekwenda na mkanda wa mtambo. Miaka kumi na tisa nimepima joto la beringi ile kwa kiganja, mtambo ukiwa kimya. Sasa haunyamazi, nami nikapeleka mkono vile vile.

Usilie ukajiumiza. Mzee Ishwarlal aliniuliza, na jibu nilikuwa nalo. Ningesema, "Mzee, bila kupumzika beringi hii itaungua na pamba yote iwake." Nikaona haya kumbishia binti yangu siku anayopigiwa makofi. Wewe hukuuliza, mimi sikusema. Kosa hili tugawane, usilibebe peke yako.

Mtambo umezimwa. Mzee Ishwarlal anataka mpango mpya wa kazi, na amesema uandike wewe. Nimemwambia utakuja, usiniaibishe. Ukifika, kalamu iache kwanza kwenye mkoba. Tutauwasha uzunguke kwa muda wa saa mbili, tutauzima, kisha nitaushika mkono wako niuweke pale juu ya beringi, na tutakaa kwenye gunia tukingoja ipoe. Dakika hizo utazihesabu mwenyewe.

Baba yako