Karanga Zisizonyunyiziwa Maji

Kumasi, 9 Septemba

Mama yangu Memunatu,

Assalaam alaikum. Natumai goti limepoa na Shangazi Fuseina bado anakuchokoza, maana akinyamaza ndipo nitaogopa. Mimi mzima, ni joto la soko la Kejetia tu linanikaanga.

Mama, majibu ya maabara yametoka. Siagi yetu ya karanga ina sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kupita kiasi, kwa hiyo tumenyimwa nembo ya ubora. Maa Konadu, mwenye duka, amenikazia macho: "Rahina, mwisho wa Oktoba bila nembo, rafu yenu nampa mwingine. Sitaki kuwazika wateja wangu." Najua mnachambua karanga moja moja. Basi sumu inapita wapi? Mkaguzi anakuja huko. Msimfiche kitu.

Mwanao,
Rahinatu

Savelugu, 21 Septemba

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Goti linauma likitaka. Shangazi yako mzima, hasa ulimi.

Mkaguzi amefika, binti mdogo anaitwa Azaratu. Alikaa nasi tukimenya karanga na kuimba. Fuseina akachota maji kwa kibuyu, akayanyunyizia maganda yalainike yasitukate vidole, kama tufanyavyo siku zote. Binti akashtuka.

"Hajia, mbona mnaziogesha?"

"Vidole vyako vimezoea kalamu," Fuseina akamjibu. "Menya kavu uone."

Akamenya kavu, kikapu kizima. Kidole kikachubuka, akaendelea kumenya. Alipomaliza ndipo akatueleza kwamba karanga iliyoonja maji ikikaa guniani, ukungu huanza ndani kabla jicho halijauona.

Mama zetu walinyunyiza, bibi zetu walinyunyiza. Nimekivunja kibuyu mbele ya wanawake wote wa kikundi. Fuseina amenuna, hanisemeshi. Lakini leo nimemwona anamenya kavu, kajifunga kitambaa kidoleni.

Mama yako

Kumasi, 24 Oktoba

Mama,

Salamu, ila leo naziandika kwa wasiwasi. Nimekutumia barua mbili kwa dereva wa basi, naye anarudi mikono mitupu. Unaumwa? Azaratu alikuja kuchukua sampuli ya mavuno mapya? Maa Konadu ananiuliza kila asubuhi, na mwezi unaisha.

Mwanao,
Rahinatu

Savelugu, 27 Oktoba

Mwanangu Rahina,

Siumwi, alhamdulillahi. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia.

Tulikwenda kumpa mtoto jina nyumba ya jirani, mvua ikatuvizia. Karanga tulizoanika zikaloa upande mmoja. Wasichana waliobaki nyumbani wakazikusanya haraka, wakazichanganya zote. Jua likarudi kali, na Azaratu alipokuja zilikuwa zimekauka, zinang'aa, huwezi kuzitilia shaka. Akaanza kuchota. Fuseina akanikanyaga mguu ninyamaze.

Nikasema, "Mwanangu, zimeloa hizo. Na mbaya imechanganyika na nzuri, siwezi kukutengea."

Akaweka chini kikombe chake cha kuchotea. Hatukupata nembo, na karanga zote tumezitia moto. Wanawake wamelia, nami nimelia. Limebaki shamba la bondeni, tutavuna Novemba. Mwambie Maa Konadu ampe rafu anayemtaka.

Nisamehe kwa rafu. Kwa kusema, sikuombi msamaha.

Mama yako

Kumasi, 2 Novemba

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum, na salamu kwa mguu uliokanyagwa.

Barua yako ilinifikia nikiwa dukani. Mlangoni palikuwa na bwana mmoja na katoni za siagi yake, zina nembo, anasubiri tu kuonyeshwa pa kuziweka. Maa Konadu aliniambia nisome kwa sauti. Nilisoma yote, hata pale pa karanga kutiwa moto.

Akachukua kitambaa, akaifuta rafu yetu kutoka mwanzo hadi mwisho. Akamwambia yule bwana, "Samahani, kaka. Hapa pana mwenyewe."

Iko tupu hadi leo, Mama. Duka zima limejaa isipokuwa hapo. Wateja wanamtania, "Maa Konadu, unauza hewa siku hizi?" Naye anawajibu, "Hiyo ni nafasi ya mwanamke aliyemwonyesha mkaguzi asichokiona."

Najivunia kuwa mwanao. Mwambie Shangazi Fuseina nimemtumia vitambaa vya vidole, vyekundu, avipendavyo. Na karanga za bondeni msiziharakishe. Anikeni mpaka zikauke.

Mwanao,
Rahinatu