Suruali ya Kung'aa Mbele ya Mkwe

Kosele, Jumamosi, mwezi wa nane 1996

Mvua ilinyesha alfajiri, ikaacha, na jua likatoka kama halijawahi kwenda popote. Viganja vyangu vinawaka. Chai imepoa hapa mezani na sijali, nimeshiba furaha.

Mimi sikusoma shule. Herufi nilifundishwa kanisani nikiwa tayari nyanya, kwa hivyo naandika polepole na nasema ukweli. Kudanganya kunataka maneno mengi.

Ukweli ni kwamba siku mbili sikulala kwa sababu ya nguo.

Kikundi chetu cha wamama kilikuwa kivute kamba na wamama wa Karungu, hapa uwanja wa shule. Mimi ni yule wa mwisho, anayejifunga kamba kiunoni na kukaa kama mwamba. Hawakunichagua kwa uzuri. Nina makalio yanayojua kazi yao.

Binti yangu Akinyi akaniletea traksuti ya mitumba kutoka soko la Migori. Zambarau, mistari ya waridi, inang'aa, na ukitembea inasema shwa shwa shwa. Nilifunga mlango nikaivaa, nikajiangalia kwenye kioo. Nilikuwa mzuri. Sioni haya kusema. Na miguu ilikuwa huru, kila mmoja na nyumba yake.

Halafu Alhamisi tukaambiwa refa ni mwalimu Odhiambo.

Odhiambo ni mume wa Akinyi. Mkwe wangu.

Kwetu mama mkwe na mume wa binti hawazoeani. Hanishiki mkono, hatuli pamoja, tukikutana njiani yeye anapita kando na mimi najifunika leso. Si uadui, ni heshima. Sasa nisimame mbele yake na suruali, miguu nimepanua, naguna kama ng'ombe anayezaa? Akinyi atakaa vipi katika boma lile?

Nikamuuliza Min Otieno, mke mwenzangu, nyieka kama tunavyoitana, ambaye hajawahi kuninyima maneno.

"Vaa gauni basi," akasema.

"Lile zito la pamba?"

"Hilo. Ukianguka chali, Odhiambo ataona mpaka Tanzania."

"Na nikivaa suruali?"

"Ataona suruali. Chagua wewe, nyieka."

Leo asubuhi nikavaa traksuti, na juu yake nikafunga leso mpaka vifundoni. Gauni nikalitia kikapuni, maana hata kufika uwanjani sikuwa nimeamua.

Wamama wa Karungu walishuka kwenye lori la samaki wakiimba, mikono minene ya kuvuta nyavu. Mmoja akanitazama juu mpaka chini.

"Huyu nyanya amekuja kuvuta ama kuolewa?"

Nikamwambia ashike kamba kwanza, jibu litamfuata.

Odhiambo alipoona aliye mwisho ni mimi, akapuliza firimbi kisha akatugeuzia mgongo. Refa mzima anatazama vyoo vya shule. Tukavuta. Kamba ikateleza kwenye ile nailoni ya traksuti kama samaki mkononi, ikanipanda mpaka kwapani, leso ikaenda zake, tukaburutwa sisi wote.

"Refa, nani ameshinda?" watu wakauliza, wanakufa kwa kicheko.

Odhiambo akanyoosha firimbi pembeni mpaka Min Otieno akaichukua. Mkwe wangu akaondoka mbio nyuma ya madarasa, hajageuka hata mara moja.

Nilijua nimemwaibisha mtoto wangu.

"Sasa mkwe ameenda," Min Otieno akanong'ona. "Unamvalia nani tena?"

Nikatoa gauni kikapuni, nikalivaa juu ya traksuti, nikajifunga kamba. Pamba ikaishika. Chini, suruali ikaniacha nichimbe visigino nitakavyo. Tukawavuta mara ya pili, tukawavuta ya tatu. Wa Karungu walilalamika kwamba refa ni mke mwenzangu. Wakajibiwa kwamba huyo ndiye mtu wa mwisho duniani wa kunipendelea.

Jioni Odhiambo akaja na Akinyi. Akasimama kule kwenye ua, macho chini, akasema na mke wake kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie Mama nisamehewe. Niliona leso nikadhani chini yake ni gauni tu. Nikaogopa ataanguka. Ningejua kuna suruali, ningebaki nimwone akishinda."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe mimi nilificha suruali kwa ajili yake, na yeye akakimbia kwa ajili ya leso.

Nikamwambia Akinyi amfikishie jibu. Mwezi ujao tunaenda kwao Karungu. Lile gauni nitalikata liishie kwenye nyonga, suruali ibaki nje watu wote waione. Yeye aje na firimbi, na safari hii aje na macho yake pia.