Malori Manne ya Kahawa

Jumanne, 11 Agosti 1998
Meneja kaja tena mezani kwangu hata chai sijamaliza. Wanunuzi binafsi wanatumaliza, anasema, chama chetu cha ushirika hakiwezi kuendesha malori sita. Vijiji sita, kila kimoja na lori lake, mengine yanafika kiwandani nusu tupu. Anataka programu ya kompyuta ya kupanga mizigo kwenye malori machache iwezekanavyo. Lori moja, gunia mia.

Jumatano, 12 Agosti
Nimefuata orodha ya mizigo ilivyo. Mzigo usipoenea, chukua lori jipya. Matano. Meneja kaguna tu.

Alhamisi, 13 Agosti
Nimepata. Panga kwanza mizigo kuanzia mkubwa, kisha kila mmoja uingie lori la kwanza lenye nafasi. Gunia sabini za Litembo na thelathini za Namswea, lori limejaa. Sitini na arobaini, limejaa. Themanini peke yake, hamsini peke yake. Manne. Nimefurahi mpaka nikasahau kula.

Kuna kitu nimekiacha nje. Kila kijiji husafirisha kahawa yake peke yake, na mtu wao hukaa juu ya magunia mpaka kwenye mzani, maana kiwandani lori zima hupewa daraja moja la ubora. Ukichanganywa na jirani asiyejua kukausha, umeumia naye. Hilo nalijua. Mimi ni wa Litembo, nimeyakalia magunia hayo. Ila lingeniharibia jibu.

Jumatatu, 17 Agosti
Madereva wawili wamepunguzwa. Mmoja ni shemeji Damiani, mume wa dada Skola. Ndiye aliyeniombea kazi hapa. Kanikuta kwenye korido.
"Shemeji, eti mashine ndiyo imesema?"
Nikamjibu ndiyo. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 21 Agosti
Namswea wamegoma kupakia. Mwenyekiti wao kamwambia dereva, "Kahawa yetu haipandi gari moja na ya watu." Litembo wamekataa vilevile. Lori limerudi tupu.

Jumanne, 25 Agosti
Mnunuzi binafsi kapita vijiji vyote viwili na gari lake. Hakuchanganya. Kabeba yote. Meneja hanisemeshi. Najichukia.

Ijumaa, 28 Agosti
Nimeongeza mstari mmoja: kijiji na kijiji visichangie lori. Sita. Imechukua dakika kumi kuandika. Nimempelekea meneja karatasi. Kasema malori mawili yameshauzwa, niifunge mashine niende nyumbani.

Jumapili, 30 Agosti
Misa ya kwanza. Dada Skola alikaa benchi la mbele yangu na watoto. Damiani kashuka ziwani, Ngumbo, kwa wajomba zake. Anajifunza kuvuta nyavu, na ana miaka arobaini na tano. Wakati wa kutakiana amani dada aligeuka, akanipa mkono. Ulikuwa baridi. Hakunitazama. Nami sikumwambia kwamba tangu mwanzo nilijua vijiji havichangii lori.