Karte ya Daraja ya Naviundu

Élisabethville, Siku ya Mungu, nyuma ya misa

Baba,

Nakuamkia, weye na mama. Kikohozi ya muzee wetu nkambo ilipita, ao ingali inamukamata asubui? Na mukono wa mama, pale alijichoma na mafuta ya samaki, ulipona? Uniandikie vile biko kweli, usiandike tu «tuko bazuri». Miye mwili wangu hauna neno. Baba mudogo anaenda ku matofali kila siku, na bibi yake anapata nguvu tangu alipozaa. Mutoto banamuita jina yako.

Sasa nafika ku jambo lililonikamatisha kalamu. Shofere wa kamio ya samaki alipita hapa juma iliyopita. Alisimama ku mulango, akakataa kiti.

— Weye njo mutoto wa masomo? Baba yako alikutafuta hapa mpaka jua ikainama. Anasema, kama mutoto anaweza kumuficha baba yake nyumba, basi masomo imemutosha. Mwezi kesho unapanda na miye kurudia kwenu. Utakaa juu ya mifuko ya chumvi, uanze kuzoea.

Akacheka yeye mwenyewe. Unanijua, mbele ya bantu kinywa yangu inafungaka. Kwa hiyo naandika.

Baba, sikukuficha nyumba. Lakini makosa iko mbili, na nitasema zote mbili, kwa maana ya kwanza peke yake inanionyesha muzuri kupita vile niko.

Ya kwanza ni ya karte, ile picha ya njia niliyokutumia. Ku masomo, masera wetu, ule mutawa, anatufundisha jeografi kwa kifransa. Anauliza: juu ya nini bantu banajenga hapa, na pale hapana? Tunajibu: maji, barabara, kazi. Bantu ba hapa banakaa ku mto Naviundu kwa sababu udongo wake ni muzuri kwa matofali. Kisha tunachora. Kila karte, kaskazini inakaa juu. Tena inaomba mushale wa kuonyesha kaskazini, kipimo cha kusema kidole moja ni hatua ngapi, na kando maelezo ya alama.

Yako niliichora vile. Mto katikati, kutoka juu mpaka chini. Barabara inaukata, daraja iko pale binakutana, na nyumba ya baba mudogo, pale nakaa, chini, upande wa kushoto. Nikaandika maneno moja tu: «Juu ya karatasi ni kaskazini.» Ku kona, fasi ya mushale, nilichora maua. Ku mto sikuweka alama ya kuonyesha maji inaenda wapi. Niliona kama kila muntu anajua.

Nilisahau vile sisi tunajua. Kwetu, kaskazini ni kule maji inaenda, kwa maana mto wetu Luapula inaenda kaskazini, ku ziwa. Nkambo hasemi kushoto ao kuume, anasema «kule maji inatoka» na «kule maji inaenda». Lakini maji ya Naviundu inaenda kusini. Weye ulifika jua ikiwa juu ya kichwa, ukaangalia maji, ukaweka juu ya karatasi kule inaenda, kama muntu mwenye akili wa kwetu. Basi karte yote ikageuka. Nyumba iliyokuwa chini ya daraja, hatua mia mbili, ikakupeleka juu ya mto, ng'ambo ingine.

Kosa ya pili: nilikuona.

Siku ile ulikuja kunitafuta, tulikuwa batoto bane ba masomo, tunafua nguo mu mto, chini ya daraja. Mumoja wetu, binti ya karani, akasema:

— Muangalie ule mubaba. Anageuza karatasi kama anachoma samaki, upande huu, upande ule.

— Labda anatafuta fasi ya kula, mwingine akajibu.

— Atakula ile karatasi.

Nikainua macho. Nikaona koti ya bluu, na ku bega ile kiraka nyekundu mama alishona. Kitunga ya samaki ilikuwa ku miguu yako.

Ilikuwa neno moja tu ya kuita. Nikakamata shuka, nikainama, nikafua fasi iliyokuwa imekwisha kutakata. Nilijiambia: karte iko naye, atafika ku nyumba, nitamuamkia kule, tukiwa peke yetu. Kisha nikaona unavuka, unapanda kule bantu banachomaka makala ya miti. Nikajiambia unaenda kuamkia muntu wa kwetu. Kule hakuna muntu wa kwetu. Nilijua.

Nikarudi ku nyumba, nikapika bukari ya kukutosha. Ikapoa.

Nyuma ya maneno ya shofere nilienda kule juu, peke yangu. Nikakuta muzee moja anachoma makala.

— Ule mwenye kitunga njo baba yako? Nilimupa maji, akaniachia samaki mbili. Nilimuambia: huku hakuna nyumba, ndugu, ni miti tu, hii karatasi inakudanganya. Akakasirika na miye. Akasema: «Mutoto wangu alisoma, hawezi kukosea.»

Maneno ya shofere nilikuwa naweza kuibeba. Hii yako siwezi.

Baba, ukisema nirudi, nitapanda kamio, sitabisha. Lakini sipendi nirudi ukiwaza kama masomo ilinifundisha kukukataa. Kwanza uje mara ingine.

Mu bahasha utakuta karte mupya. Masera aliiona, akauliza sababu gani dunia yangu inasimama kichwa chini. Nikamujibu: ni ya muntu mwenye kufuata maji. Ilikuwa mara ya kwanza namujibu mbele ya benzangu. Akaandika sifuri, akanirudishia. Hii, uiweke vile uliweka ya kwanza, juu yake kule maji inaenda, na utafika. Mushale wa kaskazini unaangalia chini. Maua sikuchora.

Uniamkie nkambo, umuambie chumvi aliyoniomba iko tayari. Uniamkie yaya, mukubwa wangu, mwenye kushona nyavu, na mwalimu wa misioni aliyenishikisha kalamu ya kwanza. Mama, umuamkie mara mbili, na umusomee barua yote, hata fasi ya shuka.

Miye mutoto wako,
Agnès

Maelezo ya alama. Musitari muzito: mto. Misitari mbili: barabara. Kisanduku: nyumba ya baba mudogo. Nukta nyekundu katikati ya daraja: njo miye. Kila siku ya posho, ile inatangulia Siku ya Mungu, kamio ya samaki ikifika, nitakuwa pale. Binti ya karani akiwa pale naye, nitakuita vilevile.