Nyumba ya Vedat Haina Baridi

Erzurum, 14 Januari 2007

Kwa mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za moyo wenye furaha mpaka naona haya. Goti lako linakusumbua bado? Na kifua cha Shangazi Pakize kimepata nafuu? Sisi wazima, alhamdulillahi, na theluji imefika dirishani.

Mama, laiti ningekuwa na maneno mazuri zaidi, ningekuandikia habari za mume wangu Vedat tu. Mabomba yote ya nyumba hii ameyaunga yeye kwa mikono yake. Nikipita sebuleni naigusa redieta chini ya dirisha kama mtu anavyomgusa mpenzi wake begani. Boila iko jikoni, inachoma gesi na kuchemsha maji. Mengine yanazunguka kwenye redieta za vyumba vyote kuvitia joto, mengine yanatoka bombani yakiwa moto. Hakuna makaa, hakuna jivu, hakuna masizi kwenye mapazia. Siku ile ya posa, alipokunywa kahawa ya chumvi niliyompa kumjaribu kama desturi yetu, bila kukunja uso, akakuahidi kwamba nyumbani kwake sitasikia baridi, wewe uliguna. Nilikusikia.

Samova yako ya umeme ya kuchemshia chai nimeiweka sebuleni, mahali pa heshima, juu ya meza ya kona na kitambaa ulichonifumia. Kila mgeni anaiulizia, nami najibu, ya mama hiyo.

Kuna jambo dogo tu. Mara nyingine redieta zinapoa zenyewe. Bi Saadet wa ghorofa ya juu alikuja kumtazama bibi harusi, na koti hakulivua. Akaniambia, "Mwanangu, nimekuja kukuona, lakini meno yanagongana hata sikuoni vizuri." Tukacheka. Vedat hakucheka. Lakini atatengeneza, mama, huyo ni fundi wa mafundi.

Bintiyo mwenye bahati,
Nazire

Çayeli, 23 Januari

Nazire binti yangu,

Wa alaykum salamu. Goti liko vilevile, namshukuru Mungu kwa lile jingine. Shangazi yako anakohoa na kusengenya kwa zamu, kwa hiyo ni mzima.

Umenijazia mapenzi ukurasa mzima, baridi ukaificha kwenye mistari ya mwisho. Unasahau nani amekuzaa. Niliguna kwa sababu majira ya baridi ya huko nayajua. Mwambie huyo fundi wako kwamba redieta inayopoa wageni wakifika ni pambo la ukutani. Mwishoni mwa Februari nakuja na Pakize. Nikikuta pua yako ni ya baridi, narudi nawe mpaka majani ya chai yachipue. Sitanii.

Vaa soksi za sufu.

Mama yako

Erzurum, 9 Februari

Mama yangu,

Barua hii ikukute umekaa karibu na jiko lako, umetulia. Mimi mzima. Habari za pua yangu tuziache kwanza.

Vedat ameisoma barua yako. Aliirudisha kwenye bahasha polepole, akaenda kuchukua spana. Alitazama geji ya presha, iko sawa. Alitoa upepo kwenye redieta zote, nami nikamshikia bakuli la kukingia maji. Alifungua kichujio akakisafisha. Maji ya bombani yanatoka ya kuunguza, kwa hiyo gesi inafika na boila ni nzima, anasema. Na kila akimaliza, nyumba inapata joto zuri, tunakumbatiana, nampikia chai ya kumpongeza, tunakaa kila mtu na kidonge chake cha sukari shavuni, kama wanavyokunywa chai huku. Kabla hatujamaliza samova, redieta zimeshapoa.

Jana alisema atamwita fundi mwingine. Fikiria, mama, fundi kumwita mwenzake kwenye nyumba aliyoiunga mwenyewe. Akasema, "Kuliko mama yako akuchukue, bora mji mzima unicheke." Nilimwomba asubiri kidogo.

Ningeweza kukuandikia msije. Siandiki hivyo. Njooni.

Bintiyo,
Nazire

Erzurum, 16 Februari

Mama mpenzi,

Wewe na shangazi muwe salama. Leo nitaulizia goti mwishoni, nina habari.

Asubuhi niliwasha samova mapema kwa sababu Bi Saadet na wenzake walikuwa wanakuja. Juu yake ukutani kuna kidude cheupe kinachopima joto la chumba na kuiamuru boila iwake au ipumzike. Kioo chake kilikuwa kimejaa mvuke. Nikakifuta ili kipendeze, nikakuta kinasema nyuzi thelathini na moja. Mimi nimejitanda shali mbili. Nikaitazama samova inavyofuka, nikakitazama kidude, nikaitazama samova tena. Siku zote hizi kimekuwa kikipigwa mvuke usoni, kinadhani nyumba nzima ni hamamu, kinaizima boila. Nikazima samova, nikakipepea kwa gazeti. Haukupita muda, jikoni boila ikawaka.

Nilimpigia simu Vedat kazini. Akauliza, "Kumbe kwenye nyumba hii fundi ni nani?" Alipofika alitaka kuihamishia samova jikoni. Nikamwambia, "Samova ya mama haihami. Hamisha kidude chako." Akautoboa ukuta alioupaka rangi juzi tu, akavuta waya hadi kwenye ukumbi wa kuingilia, akakifunga huko, na kazi yote aliifanya akiimba. Nilimshikia ngazi nikimwangalia, mama, na sidhani kuna mke anayeringa kama mimi.

Leteni nguo nyepesi. Na goti je?

Bintiyo,
Nazire

Çayeli, 8 Machi

Nazire binti yangu,

Tumefika salama. Mlimani palikuwa na theluji, goti limevumilia.

Unauliza kwa nini niliondoka bila kusema neno juu ya joto la nyumba yenu. Pakize alilala bila soksi, na sasa kijiji kizima kina habari hiyo. Mimi kila mlipotoka chumbani nilikuwa naishika redieta. Siku ya wageni, samova ikichemka tangu adhuhuri, nilikaa naingoja redieta ipoe. Haikupoa. Bi Saadet alivua koti, akavua na sweta, halafu akaomba mfungue dirisha. Mfungue dirisha, Erzurum, Februari.

Nilikuja na begi tupu la kutilia nguo zako. Nimerudi nalo limejaa jibini lenu.

Mumeo sikumsifu mbele yake, maana mkwe akisifiwa siku ya kwanza, siku ya pili hakamatiki. Lakini mstari huu msomee kwa sauti, usiuruke. Vedat mwanangu, nilikuja kumchukua binti yangu, nimemwacha kwako, na njia nzima nilikuwa najivuna.

Mama yenu