Kiyoyozi Kilichofichwa Gereji

Shangazi Milunka mpendwa, naomba unisaidie kupitia safu yako gazetini kabla sijapasuka, maana nina mimba ya miezi saba, naishi pembezoni mwa mji wa Zrenjanin na mume wangu Nebojša na mama yake, Mama Radojka, na nyumba yetu ina pampu ya joto, ile inayokaa nje na kupitisha maji ya moto chini ya sakafu, na wakati wa baridi kwa kweli tunaishi kifalme, lakini sasa ni Julai, nyumba imekuwa tanuri na madirisha yote yamefungwa kwa sababu Mama anaogopa upepo wa kupita kuliko anavyoogopa moto, akikuta dirisha na mlango viko wazi kwa pamoja anaruka kitini, "Funga! Mnataka kuniua? Na huyo aliye tumboni je?"

Mwezi uliopita Nebojša akajifanya fundi, akaigeuza pampu ipitishe maji ya baridi, akashusha joto lake hadi mwisho, asubuhi sakafu ikawa inatoka jasho, mbao zimevimba, Mama akateleza akadaka kabati, na badala ya kulalamikia kuteleza akaniletea soksi za sufu, "Vaa, binti yangu, baridi ya miguu hupanda tumboni," nami nikavaa, halafu nikajifungia bafuni nikalia.

Wiki iliyopita nilizirai sokoni, daktari akasema joto hili ni hatari kwangu na kwa mtoto, nipate chumba cha baridi, basi tangu siku hiyo kila mchana najifanya nimesahau kitu garini, nawasha injini na kiyoyozi chake, nalala humo humo uani, mpaka jirani yetu Smilja amekuja kugonga kioo, "Vipi shoga, wamekufukuza?"

Sasa Nebojša amenunua kiyoyozi amekificha gereji kwa msimamizi wetu wa harusi, na Jumatatu Mama anaondoka kwenda kwenye chemchemi za maji ya moto kutibu magoti, na Nebojša anasema, "Akirudi atakikuta ukutani. Atafanya nini, akibandue?" lakini Mama alishaapa kwamba kiyoyozi kikiingia yeye anatoka, anarudi kijijini kwenye nyumba isiyo na mtu, nami nampenda, Shangazi, sitaki azeekee upweke kwa ajili yangu, na mtoto wangu naye namhofia, je, tukifunge kimya kimya au nivumilie mpaka Septemba?
Ljubinka

Ljubinka mwanangu,

Pole sana. Mimba na Julai ya tambarare yetu hata adui haombewi. Lakini Septemba hufiki kwa kuvumilia, na daktari hakusema "vumilia". Kiyoyozi kinafungwa, hilo limekwisha.

Kimya kimya? Hapana! Mnataka bibi wa watu atoke kwenye maji ya moto akute nyumba imegeuzwa nyuma ya mgongo wake, kisha mshangae akifunga virago? Kila kikohozi cha mjukuu kitawekwa kwenye hesabu yako mpaka aoe.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia Mama Radojka kwamba ulizirai. Hapapo. Daktari anajua, mumeo anajua, mimi nisiyekujua nimejua. Yeye anayekuletea soksi za sufu hajui kitu! Najua, mlisema asihangaike. Matokeo yake anazuia upepo kumlinda mtoto, bila kujua kwamba kinachomdhuru mtoto ni joto.

Nebojša, najua nawe unasoma: iache pampu iendelee kuchemsha maji ya kuoga tu, na sakafu uisahau mpaka Oktoba. Sakafu ikipoa kupita kiasi hutoa jasho, na hilo umeshalionja. Mwite fundi wa kweli, na ahakikishe kiyoyozi kikifanya kazi pampu isidhani ni baridi ikaanza kupasha, vitu viwili vikapigana ndani ya nyumba moja. Kifungwe juu ukutani, koridoni, ubaridi uingie vyumbani polepole bila kumpuliza mtu shingoni. Digrii ishirini na sita zinatosha.

Ukuta gani hasa, achague Mama. Rimoti ashike yeye. Nacheka nikifikiria atakavyoizungushia kitambaa isipate vumbi, lakini mpe.

Soksi vaa, hazijamuua mtu.

Atapiga kelele kidogo, usiogope. Bibi anayekuogopea mimba yako kiasi hicho hatakimbilia kijijini akishajua ulianguka sokoni na mjukuu wake tumboni. Nadhani atakuuliza kitu kimoja tu: mbona hamkuniambia mapema? Hapo usijitetee. Mwombe radhi, umkumbatie. Ila usingoje Jumatatu, Ljubinka. Weka gazeti chini, nenda jikoni, mwambie, "Mama, nilizirai sokoni, niliogopa nitampoteza mtoto."